Kibao cha Nafaka Nne

Jumapili, 8 Juni 2003. Pentekoste.

Amplifaya imefunguliwa leo mbele ya usharika mzima. Ni zawadi ya marafiki zetu wa Ujerumani kwa Kwaya ya Vijana ya Mwankoko. Tangu Pasaka ilikuwa ndani ya boksi, ofisini kwa Mchungaji, ikisubiri siku inayostahili. Ni ya kidijitali. Yaani ndani yake kuna sauti nyingi za gitaa zilizohifadhiwa kwa namba, na mtu anachagua anayoitaka. Mimi ndiye niliyewaeleza wenzangu wa sauti ya pili maana ya neno hilo. Hawakuuliza, lakini niliona wanahitaji.

Fabiano alichomeka gitaa. Fabiano ni mpiga solo wetu. Siku za kazi yuko kwenye mashine ya kusaga. Akavua viatu, akafumba macho kama kawaida yake, akagusa waya mmoja. Ikatoka sauti ya lori la mizigo linalopanda mlima Sekenke. Watoto wakakimbilia nje. Bibi mmoja wa benchi la mbele akasema kumbe Roho alishuka hivi.

Mzee Zefania, mwenyekiti wa kwaya, alikwenda mwenyewe kung'oa plagi. Baada ya ibada akatoa uamuzi mlangoni, kofia mkononi. Alisema kifaa tusichokielewa ni kama mgeni asiyesema anakotoka: unampa chakula, lakini hulali. Kama mpaka Sikukuu ya Mavuno kitakuwa hakijajifunza kuimba, kitapelekwa Manyoni, ambako kwaya ina mafundi. Mavuno ni tarehe 22.

Naftali, mpiga kinanda, alisema bora kiende leo. Alisema hivyo akiwa amevaa miwani ya jua ndani ya kanisa.

Manyoni! Watu waliotushinda mwaka jana kwa sababu tu walikuwa na sare mpya. Haitakwenda. Mimi Loyce, kidato cha pili, wa kwanza kati ya wasichana wote wanaosoma fizikia darasani kwetu, yaani sisi wawili, nitaizuia.

Jumatatu, 9 Juni

Nilimwahi Mzee Zefania asubuhi kabla hajaenda kupura alizeti. Shikamoo ya magoti. Nikamwambia najitolea kuwa fundi mitambo wa kwaya. Akauliza kama baba anajua. Nikasema baba yuko Itigi na mizinga yake ya nyuki mpaka asali iishe. Akauliza, na mama je? Nikasema mama ndiye aliyenituma. (Mama alinituma chumvi. Lakini njia ni hiyo hiyo.)

Kisha akasema kuna kitabu kilikuja pamoja na kile kifaa, na kinafanya kazi nzuri. Kilikuwa chini ya mguu wa meza yake, maana meza inayumba. Akaniruhusu kukichukua. Niliweka kigae mahali pake. Siku ya kwanza tu kazini na tayari nimetengeneza meza.

Kitabu kina Kijerumani, Kiingereza, na lugha nyingine ambayo maandishi yake yamekaa kama nyayo za kuku. Naftali alinikuta nacho njiani. Akauliza kama nitaisomea amplifaya hadithi mpaka ipate usingizi. Akasema chombo cha muziki hakitaki kusomwa, kinataka mkono.

Nilipata jibu zuri sana nilipofika nyumbani. Ningemwambia kwamba hata dereva aliyeanguka Sekenke alikuwa na mikono. Nimeliandika hapa ili lisipotee.

Jumatano, 11 Juni

Nimeshinda na kamusi. Nimegundua siri ya lori.

Kuna kitufe cha kuzungusha kilichoandikwa GAIN, neno ambalo kamusi inasema maana yake ni faida. Bila shaka mtu fulani alikizungusha mpaka mwisho, na simlaumu. Siku hizi za soko huria nani anakataa faida? Lakini kitabu kinaeleza kwamba kwenye amplifaya faida ikizidi, sauti inakwaruza. Nimemsomea mama sehemu hiyo. Alisema wanunuzi wa vitunguu nao wangesomewa.

Mwalimu Antipasi, anayetufundisha fizikia, husema kosa likishajulikana jina limekufa nusu. Hii ni nusu.

Tena kuna nafasi nne za kuhifadhi sauti unazozitengeneza mwenyewe. Nimeshazipanga. Ya kwanza, sauti safi, kwa mapambio. Ya pili, sauti ya mwangwi, kwa nyimbo za maombi. Ya tatu, sauti yenye mawimbi, kwa nyimbo za harusi. Ya nne, lori la Sekenke. Nilifikiri kulifuta, lakini tuna wimbo wa kuta za Yeriko, na siwezi kuziangusha kwa sauti safi.

Ijumaa, 13 Juni

Siku kubwa. Mchungaji alinifungulia ofisi. Fabiano alikuja na unga kwenye nyusi.

Nilipunguza faida. Nikaongeza sauti nene kidogo, nikapunguza ile nyembamba inayochoma masikio, nikaweka mwangwi wa chumba kidogo tu, si wa pango. Nikamwambia apige. Alipiga mistari miwili ya pambio, kisha akaacha, akaangalia nyuzi za gitaa lake. Akauliza nani ameziosha.

Sina la kuongeza. Nitaisoma sentensi hiyo nikiwa mzee.

Umeme ulikatika tukiwa nafasi ya tatu. Fabiano alisema basi, kazi yote imekwenda. Nikamwambia asubiri. Uliporudi, sauti zangu zote zilikuwemo, kila moja mahali pake. Fabiano alisema laiti washarika wangeyashika mahubiri namna hiyo.

Tatizo moja. Kuhama kutoka sauti moja kwenda nyingine kunahitaji mkono, na mikono ya Fabiano iko kwenye gitaa. Nina mpango. Amplifaya inakaa juu ya meza yenye kitambaa kirefu. Mtu mwembamba anaenea chini. Fabiano atakohoa, mtu huyo atatoa mkono kwa nyuma na kubadili. Hakuna atakayejua.

Jumapili, 15 Juni

Mpango ulikuwa mzuri. Mwezi wa sita ulikuwa mbaya.

Sikukumbuka baridi. Sikukumbuka upepo wa Singida na vumbi lake la baada ya mavuno. Kanisa zima linakohoa! Alikohoa mzee wa kanisa, nikabadili. Akakohoa mama wa watoto pacha, nikabadili. Wakakohoa pacha. Chini ya meza huoni sura ya mtu, unasikia kifua tu. Wimbo wa maombi ulianza na mawimbi ya harusi, ukapita Sekenke, ukamalizikia kwenye pambio.

Mzee Zefania aliona kitambaa kinatikisika. Akadhani ni mbwa wa Mchungaji. Akaingiza fimbo yake taratibu, kama mtu anayepima maji. Nikatoka. Nilikuwa na utando wa buibui kichwani na nikamwamkia, maana sikuweza kufikiria jambo lingine la kufanya. Akaitikia marahaba mbele ya watu wote.

Baadaye aliniambia kwa upole kwamba kanisani tunaingia kwa mlango na tunakaa kwenye benchi. Akasema bado siku za Mavuno hazijafika, ila zinakuja kwa miguu yao. Naftali aliongeza kwamba mafundi wa Manyoni hawaishi chini ya meza.

Hata hivyo, kila nilipobadili, sauti ilibadilika papo hapo. Kiufundi hatukukosea hata mara moja.

Jumatatu, 16 Juni

Niliona aibu mpaka saa nne asubuhi. Kisha nikafungua kitabu ukurasa wa mwisho.

Nyuma ya amplifaya kuna tundu la kanyagio. Mpigaji anakanyaga kwa mguu, sauti inabadilika, mikono haiachi gitaa. Kanyagio lenyewe linauzwa peke yake na marafiki zetu hawakulituma. Labda kwao kila mtu analo, kama sisi na jembe.

Lakini kitabuni wamechora sehemu zake za ndani. Nilipoangalia mchoro nilicheka peke yangu jikoni. Ni swichi nne tu, na kila swichi ina rizista yake ya kuzuia umeme. Amplifaya inapima umeme umezuiwa kiasi gani, inajua swichi ipi imekanyagwa. Ni swali la mtihani wa Mwalimu Antipasi, tena si la mwisho, ni lile rahisi la mwanzo.

Nitalijenga mwenyewe.

Jumanne, 17 Juni

Nimekwenda mjini na trei la mayai. Gasto wa duka la vifaa vya umeme alikubali tubadilishane. Nilimwomba swichi nne za kengele ya mlango. Akauliza ni nani huko Mwankoko mwenye milango minne na wageni wa kutosha kuigonga. Nikasema ni nyumba ya Bwana. Akauliza Bwana yupi, yule wa mashine ya alizeti? Nikamweleza vizuri. Akaniongezea waya wa simu bure, akasema nimwombee.

Rizista nimezitoa kwenye redio ya baba iliyokufa. Atakaporudi kutoka Itigi ataelewa. Yeye mwenyewe husema kitu kisichofanya kazi kipewe kazi. Ubao nimeupata kwenye mzinga wake uliopasuka. Bado unanukia asali. Nilichoma miunganiko kwa risasi ya kuchomelea na msumari uliopashwa moto kwenye jiko la mkaa. Mama alisema chai ina ladha ya betri, lakini alikunywa.

Jogoo wa mama alikuwa nami mchana kutwa. Jina lake ni Diwani, kwa sababu ya kifua chake na kwa sababu hakosi penye mkusanyiko. Alizunguka ubao, akautazama kwa jicho la kulia, kisha la kushoto. Ninaamini anapenda ufundi.

Jumatano, 18 Juni

Kibao kinafanya kazi. Narudia ili niione tena kwa wino: kibao kinafanya kazi. Nilikanyaga swichi ya kwanza, nikagusa waya wa gitaa, sauti safi. Ya pili, mwangwi. Ya tatu, mawimbi. Ya nne, Sekenke. Nilikanyaga mpaka Mchungaji akatoka nje kuendelea na hotuba yake chini ya dirisha.

Kisha akaja Fabiano. Akavua viatu, akafumba macho, akakanyaga pembeni ya kibao, kisha katikati, kisha mguu wangu. Nilimwomba kwa heshima afumbue macho. Alisema, mdogo wangu, gitaa la macho wazi ni kazi ya karani. Akasema marehemu mjomba wake alimfundisha gizani, na wimbo ukiutazama unakimbia kama kanga wa porini.

Swichi zote zinafanana kwa unyayo. Hapo ndipo tulipokwama. Naftali alipita dirishani akasema Manyoni wameshaandaa meza.

Usiku sikula vizuri.

Alhamisi, 19 Juni

Nimepata jibu kwenye uwanja wa kupuria.

Nilimfuata Fabiano kwao, wanapepeta mtama. Alikuwa anatembea pekupeku juu ya nafaka iliyomwagika huku akizungumza nami, na hakuangalia chini hata kidogo. Akasimama ghafla, akamwambia mkewe kwamba hapa uwele umechanganyika na mtama. Kweli ulikuwa umechanganyika. Nikamuuliza amejuaje. Akashangaa swali. Akasema kisigino kimekulia hapa, kwa nini kisijue?

Nilirudi nyumbani mbio.

Swichi ya kwanza nimebandika mtama. Ya pili, choroko. Ya tatu, alizeti, zile za mistari. Ya nne, mahindi, maana punje yake ni kubwa, na nataka mguu ukumbuke kwamba huku ni Sekenke, uingie kwa hiari. Gundi ni ya mbao. Nilipokosea punje nilizibandua nikamtupia Diwani. Alikuwa amekaa mbele ya kibao kama mwanafunzi wa benchi la kwanza. Baadaye nilipokuwa nachanganya gundi alianza kunisaidia kujaribu swichi kwa mdomo. Zote nne zilibonyea. Nimeandika kwenye daftari la majaribio: swichi ni nyepesi, hata ndege anaweza.

Jioni Fabiano alikanyaga. Macho yamefumbwa. Akasema, mtama. Ikatoka sauti safi. Akasema, choroko, na mwangwi ukamfuata. Akapita alizeti, akagusa mahindi kwa kidole gumba na kuta za Yeriko zikaanguka ofisini mwa Mchungaji. Alipomaliza alifumbua macho, akakiinamia kibao, akakisalimia kwa Kinyaturu kama mtu mzima.

Naftali naye alitaka kujaribu. Alikanyaga na viatu vyake vya soli nene. Akasema kibao ni kibovu, hakisikii. Fabiano akamwambia kinasikia sana, kaka, ila soli yako ndiyo kiziwi. Hilo nalo nimeliandika hapa. Si langu, lakini lilisemwa mbele yangu.

Jumamosi, 21 Juni

Mazoezi ya mwisho. Mzee Zefania alikaa benchi la nyuma, fimbo kati ya magoti. Tuliimba wimbo wa shukrani, ule ninaoupenda, unaoanza kwa sauti ya chini kabisa. Fabiano alipita choroko kwenda mtama bila mtu kujua amepita lini. Mzee Zefania aliinuka, akaja kukiangalia kibao, akagusa mahindi kwa ncha ya fimbo, nyuzi za Fabiano bado zinalia, na lori likapanda. Akarudi nyuma hatua moja. Akasema kesho tutaona. Kwa Mzee Zefania hiyo ni sifa.

Mchungaji alisema kutakuwa na mgeni kutoka dayosisi. Jumatatu gari la mgeni linaendelea mpaka Manyoni. Wamekubaliana kwamba amplifaya ama inabaki, ama inapanda gari hilo.

Mama ameamua kumtoa Diwani sadaka ya mavuno. Alisema mvua ilikuwa haba lakini tumekula, na shukrani haitolewi kwa kuku mwenye kwikwi. Sikulia. Nilimwosha miguu.

Nimeamua atakaa mahali pa heshima. Sadaka nyingine zote zinarundikwa mbele madhabahuni, kuku kwa malenge. Diwani nitamfunga mimi mwenyewe kwa kipande cha kanga, kwenye mguu wa meza ya amplifaya, karibu na kibao. Ameifuatilia kazi hii tangu ubao. Anastahili kuwa karibu nayo.

Jumapili, 22 Juni. Mavuno.

Nimekaa nje ya jiko. Nitaandika kwa mpangilio.

Kanisa lilijaa. Magunia ya mtama na alizeti yalifika mpaka dirishani. Vitunguu, malenge, ndoo mbili za asali, kuku miguu imefungwa wamelazwa kama madaftari. Diwani peke yake alikuwa amesimama, kamba yake ndefu, miguu misafi. Watu walimwona. Nilijivuna.

Mgeni wa dayosisi alikaa kwenye kiti kikubwa, karibu kabisa na spika. Tukasimama. Fabiano akavua viatu, akafumba macho. Mguu ukatafuta choroko, ukaipata. Wimbo wa shukrani ukaanza, sauti ya chini, mwangwi unaelea juu ya magunia. Nilimwona Mzee Zefania ameegemeza kidevu kwenye fimbo. Nilisema moyoni, Manyoni, kaeni na sare zenu.

Ndipo Diwani alipoinamisha kichwa, akakitazama kibao kwa jicho la kulia. Kisha la kushoto.

Akadonoa mahindi.

Lori lilipanda Sekenke likiwa na mzigo. Mgeni aliinuka kwenye kiti bila kutumia mikono. Fabiano hakufumbua macho. Mguu wake ulirudi kwenye choroko, mwangwi ukatulia. Diwani akadonoa mahindi tena. Fabiano, choroko. Diwani, mahindi. Mimi nilikuwa mstari wa pili, katikati ya sauti zote, siwezi kutoka bila kuangusha watu watatu. Nilikunja midomo nikatoa ile sauti ya kufukuzia kuku. Wa sauti ya pili walidhani ni sehemu ya wimbo, wakaitikia.

Sasa, Fabiano ananiambia kwamba wakati ule alidhani ni mimi. Alidhani nimebuni njia ya kubadili sauti kwa mbali, na kwamba namtaka aache kuogopa. Basi akaacha. Lori lilipokuja, alilipanda. Alipiga kitu ambacho sijawahi kukisikia, wala yeye. Diwani alihamia alizeti, Fabiano akapiga kama yuko harusini. Mtama, akasafisha. Mpiga ngoma akawafuata. Bibi wa benchi la mbele alitoka katikati na kanga yake, akapiga vigelegele, na kina mama wote wakamfuata wakikanyaga chini kama wako uwanja wa kupuria. Vumbi likapanda. Hakuna aliyekohoa.

Nilimtazama Naftali. Kinanda chake kilikuwa kimenyamaza na mdomo uko wazi. Miwani alikuwa amevua.

Mwisho Diwani aliamua kumaliza biashara na punje moja ya mahindi iliyokataa kubanduka. Aliivuta kwa shingo yote. Ikatoka, pamoja na kifuniko cha swichi, pamoja na waya. Amplifaya ikanyamaza. Kwaya haikunyamaza. Tulimalizia ubeti wa mwisho kwa sauti zetu tu, na ukawa mzuri kuliko mazoezini, nami niliuimba nikitazama waya wangu ukining'inia mdomoni mwa kuku.

Kwenye mnada mgeni alimpandia Diwani bei. Naftali naye akapanda, sijui kwa nia gani. Fabiano akawapita wote. Alisema kuku anayeshika mapigo namna ile haingii sufuriani. Amemchukua kwake, mashine ya kusaga. Mama aliangalia pembeni kwa muda, akasema mavumbi.

Jumatatu, 23 Juni

Niliitwa kwa Mzee Zefania. Mgeni alikuwepo, anakunywa uji. Nilipoingia alianza kucheka ndani ya kikombe.

Mzee Zefania hakucheka. Alisema amefikiri usiku kucha. Alisema kifaa kimeimba, hilo hawezi kukataa, hata mkewe ameshinda anauimba ule wimbo. Lakini pia kimeendeshwa na kuku, na mwenyekiti hawezi kuandika hivyo kwenye taarifa. Kwa hiyo uamuzi hautolewi leo. Mgeni ameahirisha kwenda Manyoni mpaka Jumapili ijayo, na njiani ataongoza ibada ya shukrani kwa wafugaji, huko ndani zaidi ya Ikungi. Ametuomba tuimbe. Tutakwenda na jenereta. Tukiimba vizuri, bila maajabu, amplifaya inarudi Mwankoko na ufunguo wa kabati lake ni wangu. Kukitokea maajabu yoyote, haishuki kwenye gari. Inanyoosha mpaka Manyoni.

Nikauliza kibao je. Akasema kibao ni kizuri. Akasema, mwanangu, akili unayo, tena nyingi. Ila toa chakula cha kuku.

Alisema "akili unayo, tena nyingi". Mgeni ni shahidi.

Naftali alinisubiri nje. Nilijiandaa. Akauliza, macho chini, kama kinanda nacho kinaweza kutengenezewa kitu cha kukanyaga. Nilimwambia nitaangalia ratiba yangu.

Jumamosi, 28 Juni

Imekamilika, na nina furaha ambayo sijui niiweke wapi.

Swichi nimezirudishia. Nafaka zote nimebandua, nimekwangua hata gundi. Sikutii nusu nusu. Mzee amesema chakula cha kuku kitoke, kimetoka. Lakini kisigino cha Fabiano bado kinahitaji alama. Nilifikiria kokoto, zikamchubua. Nilifikiria vifungo vya shati, vikateleza. Jumatano mama akanituma chumvi, nikasimama njiani nikacheka mpaka mtu wa baiskeli akashuka kuniuliza.

Chumvi ya mawe! Ile ya ziwani, ya Singidani. Ngumu, inashika gundi vizuri. Swichi ya kwanza bonge la duara, ya pili lenye ncha, ya tatu mabonge mawili madogo, na ya nne, Sekenke, bonge moja kubwa lililosimama kama mlima wenyewe. Fabiano amejaribu, hajakosea.

Safari hii sikujiamini tu. Nimefanya majaribio, kama Mwalimu Antipasi anavyofundisha. Nimekiweka kibao uani asubuhi nzima, mbele ya kuku wote wa mama na bata wa jirani. Hakuna aliyedonoa. Nimekipeleka mpaka mashine ya kusaga, kwa Diwani mwenyewe. Alikitazama kwa jicho la kulia, kisha la kushoto, akanigeuzia mkia. Niliumia kidogo, lakini sayansi ilifurahi.

Zaidi ya hayo, Mchungaji amesema kesho hakutakuwa na kuku hata mmoja. Wale ni wafugaji, sadaka yao ni mbuzi. Wataletwa wengi, watafungwa mbele pale pale tutakaposimama. Nimemshukuru Mungu. Mbuzi hana mdomo wa kudonoa.

Nimeshakifuta kibao, nimekifunga kwenye kanga safi. Jioni hii, nilipokuwa nakileta kutoka kanisani nimekikumbatia, mbuzi wa Mzee Zefania waliacha majani yao, wakanifuata kundi zima mpaka mlangoni kwetu. Mpaka sasa wamesimama hapo nje, wanalamba midomo, wanaangalia dirisha.

Ninaamini wanapenda ufundi.